Mama Pazia na Njiwa Dhahabu

Mama Pazia hakushona kitu kingine chochote zaidi ya mapazia. Ukimpelekea gauni, angekuambia bila hata kuinua macho kwamba binadamu hunenepa na kukonda, lakini dirisha ni lile lile, halikusumbui. Chumba chake cha kazi kilikuwa juu ya duka la rangi, na siku za joto harufu ya rangi ilipanda mpaka kwenye majora ya kitambaa yaliyosimama ukutani. Alikuwa na cherehani ya umeme, meza ndefu ya kukatia, pasi ambayo haikupoa kutwa nzima, na simu kuukuu aliyoiegemeza kwenye boksi la nyuzi ili aione huku akishona.

Simu hiyo mumewe alishaisema mpaka akachoka. Kioo kilikuwa na ufa, na programu nyingi zilishaikataa. Lakini Mama Pazia hakutaka kusikia habari ya simu mpya, maana ndani ya ile ya zamani mlikuwa na Njiwa Dhahabu.

Hapa tuelewane. Njiwa yenyewe kila mtu anayo: ni programu ya kutumiana ujumbe, picha na sauti, na asiye nayo huhesabiwa kama aliyehama dunia. Njiwa Dhahabu haikuwa Njiwa. Ilitengenezwa na watu wasiojulikana, ikawa inaingia kwenye akaunti ile ile kwa mlango wa nyuma, na ilipambwa kwa rangi za kung'aa ambazo mtu mzima angeona haya kuzivaa. Rangi hizo Mama Pazia hakuzijali. Alichokipenda ni kimoja. Kwenye Njiwa ya kawaida, ukitazama picha ambazo mtu ameweka kwenye stetasi yake, jina lako linajitokeza kwenye orodha ya waliotazama, naye anakuona. Kwenye Njiwa Dhahabu unatazama, unashiba, unaondoka, na hakuna anayejua. Fundi simu wa pale chini, aliyemwekea programu hiyo, alimwambia, "Mama, hii ni kama pazia lako la nyavu. Wewe unaona nje, wa nje hakuoni." Akakubali papo hapo.

Aliyekuwa akimtazama ni mtu mmoja tu, naye ni dada yake mkubwa.

Hao wawili walizaliwa na mama mshonaji, wakarithi kwake vidole vyepesi na shingo ngumu. Siku moja, wakiwa wadogo, mama alitoka akawaacha nyumbani, na cherehani yake ya mkono ikaanguka kutoka mezani ikavunjika vibaya. Ndani walikuwa wao wawili tu. Mkubwa alisema ni mdogo, mdogo akasema ni mkubwa. Mama, ambaye hakuwa na muda wa kuwa hakimu, aliwachapa wote, kisha akashona kwa sindano muda mrefu sana huku macho yakimuuma. Watoto wengine husahau. Hawa walikua na kesi yao, kila mmoja akiilea ya kwake, hadi siku walipomzika mama. Mbele ya majirani, dada mkubwa akasema kwamba aliyemvunjia mama cherehani ndiye aliyemmalizia macho. Hakutaja jina, ila alimkazia macho mdogo wake. Mdogo naye akajibu maneno ambayo watu wazima waliokuwepo walijifanya hawakuyasikia. Kisha mume wa Mama Pazia, fundi bomba mwenye roho safi na mdomo mwepesi, akaingilia upande wa mkewe. Wahenga walisema ndugu wakigombana, chukua jembe ukalime. Yeye jembe aliliacha, akachukua maneno, na shemeji yake akambloku siku hiyo hiyo mpaka leo.

Ukafuata ukimya wa miaka. Dada alihama nchi, akapata kazi ya kutunza wazee huko ugenini, na akawa anaweka picha: viatu vyake vya kazi, chungu cha ua dirishani, yeye mwenyewe na kofia ya zambarau. Mama Pazia alizitazama zote akiwa amejificha nyuma ya dhahabu yake. Mara nyingine aliigombeza picha kwa sauti. "Umekonda," aliiambia. "Na hiyo kofia nani kakuvalisha?" Kisha alirudi kwenye mikunjo yake.

Dada ndiye aliyeuvunja ukimya. Aliandika hivi: "Kitinda, wamenikuta na uvimbe tumboni. Watanipasua. Sitaki kuingia huko tukiwa tumenuniana." Kitinda ndilo jina la nyumbani la Mama Pazia, yaani kitinda mimba. Hakuna mtu aliyebaki duniani wa kumwita hivyo isipokuwa huyo mmoja. Alilia mpaka akalowesha kitambaa cha mteja, akakipiga pasi, akaendelea.

Tangu hapo kila asubuhi walitumiana ujumbe wa sauti. Walisemezana habari za bei, magoti, mvua na majirani wa zamani. Cherehani hawakuigusa. Lakini asubuhi moja Dada alisema, "Unajua kilichoniuma kuliko yote? Kila nikiweka picha, nilikuwa nafungua orodha ya waliotazama. Nilikuwa natafuta jina lako. Hata siku moja sikuliona. Nikasema basi, huyu amenizika nikiwa hai."

Mama Pazia aliusikiliza ujumbe huo, akarudia. Alibonyeza kitufe cha kujibia, akafungua mdomo, akakiachia. Alikuwa ameziona picha zote mpaka anajua ua lilikufa lini, na sasa angeanzia wapi kusema? Akajibu kwamba kwao mvua imegoma kunyesha.

Kisha Dada akatajiwa siku. "Kesho kutwa asubuhi," alisema. "Kitinda, nataka nisikie sauti yako kabla hawajanichoma sindano ya usingizi. Nisipoisikia nitajua umerudi kwenye hasira zako, na nitaingia hivyo hivyo." Alicheka aliposema hayo, lakini Mama Pazia alimjua dada yake. Hakuwa anatania.

Siku iliyofuata, mchana, simu ikamwandikia Mama Pazia: "Akaunti yako imefungwa kwa kutumia programu isiyo rasmi."

Haikuwa kwamba hakuonywa. Wenye Njiwa walishatuma tangazo zaidi ya mara moja kwamba wanaoingia kwa programu za pembeni wataondolewa, na kila likitokea alibonyeza "Baadaye" kama mtu anayefukuza inzi. Sikio la kufa halisikii dawa. Alishuka ngazi na futi kamba ikiwa bado shingoni.

Kibanda cha fundi simu kilikuwa chini ya ngazi, na ndani yake mlienea mtu mmoja na taa.

"Fundi, njiwa wako amekufa."

Fundi alisoma, akajikuna kidevu. "Wamelifunga lile tundu, mama. Nilisikia wanakuja." Akajaribu kuisajili upya namba yake kwenye Njiwa Dhahabu. Ikajibu: "Usajili hauruhusiwi kupitia programu unayotumia. Pakua Njiwa rasmi." Akapakua Njiwa rasmi. Ikajibu kwamba simu hiyo ni ya zamani mno. Akachomoa laini, akaiweka kwenye simu yake ya akiba, na Njiwa rasmi ikafunguka vizuri, ikaomba namba kwa adabu, kisha ikasema: "Namba hii imezuiwa. Unaweza kuomba iangaliwe upya. Utajibiwa baada ya siku chache."

"Chache ndiyo ngapi?" aliuliza Mama Pazia.

"Hawasemi."

"Dada yangu anapasuliwa kesho asubuhi."

Fundi akaacha kutabasamu. "Si umpigie simu ya kawaida tu?"

Hilo lisingewezekana. Njiwa ya Dada ilisajiliwa kwa laini yake ya zamani, na laini yenyewe ilikuwa imelala kwenye droo, haina uhai. Huko ugenini alikuwa na namba nyingine, na hakuwahi kumpa mtu, kwa sababu mwaka uliopita tapeli aliyejifanya binamu yao alimliza vibaya. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Tangu hapo Dada alikuwa kwenye Njiwa tu, na kwenye Njiwa alifunga milango yote, simu na sauti za wageni zisipite, akabakiza ufunguo mmoja, wa mdogo wake.

"Mumeo je?"

"Huyo alishablokiwa."

Mume mwenyewe, alipopigiwa simu huko kazini akiwa chini ya sinki la watu, alithibitisha. "Mimi kwa shemeji ni marehemu," alisema. "Tafuta aliye hai."

Basi wakachukua laini mpya. Fundi aliisajili kwenye Njiwa rasmi, kwenye ile simu ya akiba, na safari hii ikakubali, ila kwa masharti. Akaunti changa haiwezi kumpigia mtu asiyeifahamu, wala kumtumia sauti, wala picha. Inaruhusiwa ujumbe mmoja wa maandishi, kisha inakaa inasubiri mwenyewe aamue.

"Hata anayebisha hodi hugonga zaidi ya mara moja," alilalamika Mama Pazia.

"Waliogonga sana ndio walioleta sheria hii, mama. Andika."

Aliandika kwamba ni yeye, Kitinda, akaunti yake imefungwa, hii ni namba mpya, tafadhali akubali ili kesho wasikilizane. Akapanda na simu ya akiba chumbani kwake, akaiegemeza kwenye boksi la nyuzi, akajifanya anakata kitambaa. Jibu lilikuja kabla hajamaliza pindo.

"Wezi siku hizi mna majina yote ya ukoo. Kama wewe ni Kitinda kweli, niambie nani alivunja cherehani ya mama. Jibu mara moja tu."

Mama Pazia aliweka mkasi chini.

Hakuwa na haja ya kukumbuka. Aliona kila kitu: mezani kuna kitambaa chekundu, Dada anataka kumshonea mwanasesere wake gauni, anakivuta kwa nguvu kimekwama kwenye sindano, na cherehani inakuja nacho. Aliiona hivyo tangu utotoni na alikuwa tayari kuapa. Lakini pia alimwona Dada amelala kwenye kitanda chenye magurudumu, kwenye nchi ambako hana hata mtu wa kumshika mkono. Akajiuliza, haki hii niliyoishikilia miaka yote imenilisha nini? Imenipa dada wa kuchungulia kwenye dirisha la simu. Akifa kesho nitabaki na haki yangu, nitamwonyesha nani?

Alipiga moyo konde, akaandika kwa kidole kimoja: "Ni mimi, Dada. Niliivunja mimi. Nisamehe."

Ilimuuma kama anang'olewa jino. Kisha, ajabu, akajisikia mwepesi, akaanza hata kuimba kidogo, yeye ambaye haimbi. Simu ikatoa mlio wa ujumbe.

"Mwizi mkubwa wewe! Mdogo wangu hawezi kusema hivyo hata akiwekewa kisu shingoni. Nenda ukatafute kazi."

Alipotaka kujibu, picha ya Dada ilikuwa imetoweka na nafasi ya kuandikia imefungwa. Amepigwa bloku.

Jioni alimsimulia mumewe. Fundi bomba alianza kucheka, akacheka mpaka akashika ukuta, ndipo akamwona mkewe uso. Akanyamaza, akamsogezea kiti. "Amekujua kuliko unavyojijua," alisema kwa upole. Mama Pazia alisema hiyo ndiyo inayomuuma. Mara moja tu maishani ameinamisha shingo, na ameambiwa si yeye.

Asubuhi alikuwa mlangoni kwa fundi simu kabla fundi mwenyewe hajafika. Ilibaki njia moja, nayo ni akaunti ya fundi. Fundi alisitasita, na huwezi kumlaumu. Wateja wake wote walimpata kwa Njiwa hiyo, picha yake ilikuwa simu iliyopasuliwa na bisibisi pembeni, na mtu mwenye wasiwasi akiiona angeweza kumshtaki kwa wenye programu kuwa ni tapeli, naye akafungiwa. Alimwangalia mama huyo, macho yamemvimba, futi kamba shingoni tangu jana. Akamkabidhi simu.

"Ujumbe mmoja, mama. Mmoja."

Mama Pazia alikusudia kubembeleza. Haki ya Mungu alikusudia. Aliandika "Dada mpendwa", akafuta. Akaandika "Ninakuomba", akafuta. Wakati unakwenda, huko sindano inaandaliwa, na yeye amesimama kibandani anabembeleza mlango ambao jana ulimrudisha na msamaha wake mkononi. Hasira ikampanda kutoka unyayoni, ile ile ya kwao, na kidole kikaanza kukimbia chenyewe:

"Wewe! Cherehani uliivunja wewe, ulivuta kitambaa chekundu kwa tamaa ya gauni la mwanasesere, ukanisingizia nikachapwa, na mpaka leo unanifungia mlango. Basi ingia huko na ubishi wako, wautoe huo kwanza!"

Akatuma.

Fundi alikuwa amesoma juu ya bega lake. "Mama! Hayo ndiyo maneno ya kumwambia mgonjwa?"

Mama Pazia alishika mdomo. Alitaka kuufuta, lakini alama ilishabadilika, umesomwa. Akasimama pale na simu ya watu mkononi, akijilaani. Mteja mmoja alifika na simu iliyoanguka majini, fundi akamwonyesha kwa mkono asubiri.

Simu ikaita. Haikuwa ujumbe, ilikuwa inapigwa.

"Kitinda!" Sauti ya Dada ilikuwa ya kicheko, na ya mtu anayejizuia kucheka kwa sababu tumbo linauma. "Ni wewe! Ni wewe kabisa, hakuna mwizi mwenye mdomo huo!"

"Ni mimi, Dada. Nisamehe, nime..."

"Ngoja nikuambie. Jana kuna tapeli aliniandikia akajifanya wewe. Nikamtega kwa cherehani. Eti akasema ni yeye aliyevunja, nimsamehe! Nilicheka peke yangu hapa wodini. Halafu nikalia, Kitinda. Maana nilitamani awe wewe."

Mama Pazia aliegemea kaunta. Fundi akamsukumia kigoda, akakaa.

"Dada, yule tapeli alikuwa mimi."

Kwa mbali yalisikika magurudumu ya kitoroli na mlango ukifungwa.

"Uliandika wewe?"

"Niliandika mimi."

"Kwa nini?"

"Ulikuwa unakwenda kupasuliwa. Nikaona nikuachie."

"Lakini," alisema Dada, na sauti yake ikashuka chini sana, "hukuivunja wewe."

Maneno hayo Mama Pazia aliyasubiri tangu akiwa na meno ya utoto. Alishayaota, alishajiona akiyasikia mbele ya ukoo mzima. Sasa yalikuja kwenye kibanda cha simu, mbele ya fundi na mteja mwenye simu iliyolowa, na hakuona pa kuyaweka. Alitaka tu dada yake asife.

"Na mimi nina langu," alisema haraka, kabla ujasiri haujamponyoka. "Unajua kwa nini nimefungiwa? Nilikuwa na programu ya kuficha jina. Picha zako niliziona, Dada. Zote."

"Zote? Orodha nilikuwa nafungua kila siku."

"Nilijificha. Niliona viatu vya kazi. Niliona lile ua, ulilimwagia maji mengi likaoza, ukaondoa chungu. Nilikuona na ile kofia ya zambarau uliyoivaa mbele nyuma. Hakuna hata moja iliyonipita."

Dada alikuwa analia sasa, waziwazi, na Mama Pazia naye hakujificha. Mteja aligeuka akasoma bei za chaji ukutani. Huko upande wa pili mtu alisema jambo kwa lugha ya kule, na Dada akamjibu kwa upole.

"Kitinda, wamekuja na sindano."

"Nipo, Dada. Sikati simu."

"Kitinda."

"Naam."

"Ile kofia sikuivaa mbele nyuma."

"Uliivaa mbele nyuma, Dada. Utepe ulikuwa usoni."

"Utepe ndio unakaa mbele."

"Unakaa nyuma. Mimi ndiye mshonaji."

"Wewe unashona mapazia! Pazia na kofia wapi na wapi? Mama mwenyewe alikuwa anaweka utepe..."

Hapo sauti ikalegea, ikaanza kuvutika, na neno likaishia katikati. Mama Pazia alisubiri. Alisikia viatu laini, kitambaa kikivutwa, kisha mtu akaiokota simu ya huko na kuizima.

Hakuiondoa sikioni. Fundi hakumwomba simu yake. Alikuwa bado ameishikilia hivyo hivyo kwenye kile kigoda, kwa sababu zamu ya kujibu ilikuwa ya Dada, na Dada hajawahi katika maisha yake kumwachia mtu neno la mwisho.